Mambo Tisa ya Endofini, kwa Wakubwa Tu

Shangazi yangu amestaafu ukunga, lakini ulimi wake bado uko kazini. Nilipomwambia nataka kuandika kuhusu endofini, zile kemikali za kutuliza maumivu ambazo mwili hujitengenezea wenyewe, aliuliza maswali mawili: zinauzwa bei gani, na je, wanaume nao wanazo? Nikamjibu kwamba ni za bure na kwamba wanaume wanazo. Akasikitika kwa yote mawili.

Basi tukakaa barazani kwake Tanga, katikati yetu sahani ya mihogo ya kukaanga, tukayapanga mambo tisa kutoka la kuchekesha hadi la kushikilia. Namba kazipanga yeye. Ukiona jambo ulipendalo limewekwa chini, usinilaumu mimi. Nenda ukabishane naye, na uende umekula, maana mabishano yake huchukua muda.

9. Ilianza na baiskeli, nguruwe na chupa ya wiski

Mwaka 1973, huko Marekani, Candace Pert na Solomon Snyder walionyesha kwamba ubongo una vipokezi maalumu vya dawa za jamii ya afyuni, kama mofini. Swali likazuka lenyewe: kwa nini ubongo utenge nafasi kwa ajili ya utomvu wa ua la shambani? Lazima mwili una kitu chake wenyewe kinachokaa pale.

Jibu lilitoka Aberdeen, Scotland. John Hughes alikuwa akirauka, anapanda baiskeli hadi machinjioni kuomba bongo za nguruwe, na wachinjaji akiwalainisha kwa wiski. Yeye na Hans Kosterlitz, mzee aliyekuwa ameshapita umri wa kustaafu, walizisaga na kuzichuja bongo hizo mpaka wakapata enkefalini, na mwaka 1975 wakaitangazia dunia. Ndugu zake enkefalini wakafuata, na ukoo mzima ukapewa jina la endofini, yaani mofini ya ndani ya mwili.

Shangazi aliacha kutafuna. "Neema yote hii imepitia kwa nguruwe?"

Vuta subira, Shangazi. Namba nane ina mnyama wako.

8. Ngamia anaingia

Choh Hao Li, mwanasayansi wa California, alikuwa akitafuta homoni inayohusika na mafuta mwilini, akaagiza tezi za pituitari za ngamia zilizokaushwa kutoka Iraki. Badala ya homoni aliyoitaka, alikuta kipande chake tu. Habari za Aberdeen zilipotoka, kile kipande kikatazamwa upya, na mwaka 1976 kikatambuliwa kuwa kinafanya kazi ya afyuni. Kikidungwa moja kwa moja ubongoni kina nguvu mara kadhaa kuliko mofini. Ndiyo beta-endofini, mnyororo wa asidi amino 31, na ndiyo itakayotajwa zaidi kuanzia hapa.

"Sasa nimeelewa kwa nini ngamia ana uso wa mtu asiyejali lolote," akasema Shangazi, mkono ukirudi kwenye mihogo.

7. Wale wanaokimbia alfajiri

Utamkuta mtu barabarani jua halijachomoza, kalowa jasho chapachapa, anatabasamu peke yake. Akikwambia ni endofini hizo, mwambie kesi bado inasikilizwa. Mwaka 2008 madaktari wa Ujerumani walipiga picha za bongo za wakimbiaji, wakaona dalili kwamba afyuni za ndani zinafanya kazi. Mwaka 2015 Wajerumani wengine wakaziba njia ya endofini kwa panya waliokimbizwa, na panya wakabaki na utulivu wao vilevile. Walipoziba njia ya kemikali za mwili zinazofanana na bangi, ndipo utulivu ukaondoka.

Kwa hiyo jirani yako anayekimbia ama ana afyuni ama ana bangi. Polisi hawana la kufanya, kazitengeneza mwenyewe.

6. Sindano ya uongo, nafuu ya kweli

Mwaka 1978, San Francisco, wagonjwa waliong'olewa magego walidungwa sindano isiyo na dawa. Baadhi wakapata nafuu, jambo ambalo kila mganga wa kienyeji angekueleza bure. Kisha wakadungwa naloksoni, dawa inayoziba vipokezi vya afyuni, na waliokuwa wamepata nafuu wakaanza kuugulia tena. Watafiti wakahitimisha kwamba wagonjwa wale hawakuwa wakijidanganya. Kule kuamini tu kwamba wamehudumiwa kulikuwa kumefungulia endofini zao.

Shangazi alisema ndiyo maana yeye alikuwa akianza kwa kumfuta mama jasho na kumwuliza jina lake, kabla hata ya kuvaa glavu. Kumbuka hilo, tutalihitaji tukifika mwisho.

5. Kucheka, kucheza ngoma, kupiga kasia

Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Oxford kiliwapima wapiga makasia wake. Kila mmoja alifanya mazoezi peke yake, kisha wakafanya pamoja kwa mwendo mmoja, kazi ileile. Uvumilivu wa maumivu ulipanda mara zote mbili, lakini walipokuwa pamoja ulipanda zaidi. Baadaye kidogo Robin Dunbar na wenzake wakaona vivyo hivyo kwa watu waliocheka, kicheko cha kweli cha kushika mbavu, si kile cha kumfurahisha bosi. Na mwaka 2017, Turku nchini Finland, picha za ubongo zikaonyesha kwamba kucheka na rafiki huongeza kazi ya afyuni za ndani.

Sasa fikiria ukumbi wa wanawake wa pwani usiku wa msondo wa unyago: ngoma moja, viuno vinakwenda pamoja, vigelegele, matusi ya kistaarabu, na kungwi mwenye sauti ya kukwaruza anayewavunja watu mbavu. Kila alichokipima Dunbar kimo humo, na mwali yuko katikati. Simwoni kungwi atakayeruhusu mtu aingie na sindano za kutoa damu, kwa hiyo ushahidi wa maabara tusahau. Lakini wale wanawake walikuwa wakimwandaa binti kwa ndoa na uzazi kwa kicheko na mapigo ya ngoma, na leo tunamwandaa kwa kumpa kijitabu.

"Tena hakisomeki," akaongeza Shangazi, ambaye amewahi kuvigawa.

4. Watoto waende wakacheze nje

Wamebaki wakubwa? Haya.

Mwaka 1985, huko New Jersey, Beverly Whipple na Barry Komisaruk walichapisha utafiti wenye kifaa cha kubana vidole. Wanawake wa kujitolea walibanwa vidole hatua kwa hatua mpaka waseme inauma, mara moja wakiwa wametulia tu, mara nyingine wakiwa wanajistarehesha ukeni. Wakiwa katika starehe walistahimili mbano mkubwa zaidi. La kuvutia ni kwamba mguso mwepesi waliuhisi kama kawaida. Hapakuwa na ganzi. Maumivu peke yake ndiyo yaliyorudi nyuma. Njia ile ndiyo mtoto anayopita, kwa hiyo si ajabu mwili ukawa umeweka ulinzi wake hapo.

Kisha kuna suala la kichwa. Mwaka 2013 madaktari wa Münster, Ujerumani, waliwauliza wagonjwa wa kipandauso kama wamewahi kufanya mapenzi huku kichwa kinagonga, na ilikuwaje. Kati ya waliowahi, asilimia 60 hivi walisema walipata nafuu. Udhuru mkongwe kuliko yote chumbani ukapata mpinzani. Ila theluthi nzima walisema kichwa kiliwazidi, kwa hiyo bwana anayekuja na habari hii mkononi arudi akaisome mpaka mwisho.

Je, ni endofini? Hapa lazima tuwe wakweli. Mwaka 1998 watafiti wa Ujerumani waliwawekea wanaume mipira ya kutolea damu na kuwafuatilia kabla, wakati na baada ya kufika kileleni. Homoni ya prolaktini ilipanda na kubaki juu. Beta-endofini ya kwenye damu haikutikisika. Huenda zinafanya kazi ubongoni bila kuonekana mshipani, kwa sababu damu na ubongo vina ukuta kati yao. Lakini yule anayekwambia kwa uhakika kwamba tendo moja lina endofini kiasi kadhaa, anakuuzia kitu.

Na mjamzito? Mimba ikiwa salama, mapenzi hayamdhuru mtoto. Akivuja damu, kondo likiwa limekaa chini, chupa ikiwa imepasuka, au daktari akikataza, hapo mnasubiri. Na wale mnaoambiwa kwamba tendo huanzisha uchungu wiki za mwisho, majaribio hayajaweza kuonyesha kwamba linasaidia. "Huo ni uvumi wa wanaume," akasema Shangazi. "Lakini sijapata kumsikia mwanamke akilalamika kwamba ulimuumiza."

3. Mimba inapandisha ukuta

Mwaka 1980 Alan Gintzler wa New York aliwapima panya wenye mimba. Kadiri siku za kuzaa zilivyokaribia, uvumilivu wao wa maumivu ulipanda, ukawa juu kabisa karibu na kuzaa, halafu ukashuka. Alipowapa dawa ya kuziba afyuni, ule uvumilivu ulitoweka. Miaka michache baadaye wanawake wajawazito walipimwa Marekani, nao uvumilivu wao ukaonekana kupanda siku za mwisho. Kondo la nyuma nalo hutengeneza beta-endofini yake, kwa hiyo mama ana kiwanda kichwani na kingine tumboni.

Hapa nilimwuliza Shangazi swali ambalo kila mjamzito angeuliza: kama ukuta umepanda, mbona mgongo unaniua? Akanitazama kama nesi anavyomtazama aliyesahau kadi ya kliniki. "Sasa fikiria bila ukuta."

2½. Maziwa, kwa sababu Shangazi amekataa yaachwe

Mwaka 2001 Waitaliano walikuta kwamba maziwa ya siku za kwanza yana beta-endofini nyingi kuliko damu ya mama mwenyewe, na kwamba siku ya nne waliojifungua kwa njia ya kawaida walikuwa nazo nyingi kuliko waliopasuliwa. Kabla mama mkwe hajalikamata hili na kwenda nalo msibani: tofauti hiyo haimaanishi kwamba mtoto wa kisu kapunjwa. Mnyonyeshe, mkumbatie kifuani, na mama mkwe apewe kazi ya kukuna nazi.

2. Leba

Shangazi aliweka sahani chini. Kuhusu leba hazungumzi huku anatafuna.

Alinieleza anachokumbuka zaidi ya kelele. Mama yuko sentimita nane. Uchungu unakuja, anashika chuma cha kitanda mpaka vidole vinapauka, anauma ncha ya kanga. Unaisha. Na papo hapo, kabla hujamaliza kuandika muda kwenye karatasi, amelala. Mdomo wazi, anakoroma, mate yanamtoka. Dakika mbili. Kisha macho yanafunguka, tayari yamejaa, na chuma kinashikwa tena. "Hakuna dawa aliyopewa," akasema. "Wanafunzi walikuwa wakidhani amezimia. Nawaambia mwacheni, yuko kwake."

Vipimo vinaonyesha kwamba beta-endofini kwenye damu hupanda kadiri uchungu unavyopamba moto, hufika juu karibu na kujifungua, kisha hushuka katika saa na siku zinazofuata. Mpaka hapa ni habari njema, na hapa ndipo waandishi wengi huanza kuimba. Mimi nina mashaka mawili.

La kwanza ni la kimaabara. Beta-endofini hukatwa kutoka kwenye protini ileile inayotoa homoni inayoamsha tezi za msongo wa mawazo. Hutoka pamoja. Kwa hiyo damu yenye endofini nyingi inaweza kuwa inakueleza kwamba mama anapata nafuu, na inaweza pia kuwa inakueleza kwamba mama yuko taabuni. Ndiyo maana akipewa ganzi ya mgongoni kiwango hicho hushuka. Hajapokonywa kitu. Shida imepungua, na king'ora kimepungua nayo.

La pili ni la wodini. Kila tunapogundua kwamba mwili wa mwanamke una uwezo fulani, hutokea mtu wa kuugeuza uwezo huo kuwa sababu ya kumnyima msaada. "Mwili wako una dawa yake, kaza roho." "Usilie, unamchosha mtoto." "Mbona mwenzako wa kitanda cha tatu kanyamaza?" Mwenzake kanyamaza kwa sababu ndivyo alivyo, wala hakufanya mtihani akafaulu. Endofini hupunguza makali, hazifuti maumivu, na hazigawanywi sawa. Mwanamke anayeomba ganzi au pethidini na ikapatikana, apewe. Hakuna nishani inayotolewa mlangoni.

Lakini kuna upande ambao watetezi wa uzazi wa asili waliuona vizuri, nao ni woga. Mwingereza Grantly Dick-Read aliandika miaka ya 1940 kwamba woga huleta kukakamaa, na kukakamaa huleta maumivu. Alivuka mpaka pale aliposema kana kwamba bila woga maumivu yangekuwa kidogo tu. Mwanamume, alikuwa akizungumzia nyumba asiyowahi kulala. Hata hivyo, mama akishikwa na hofu kali, adrenalini hupanda, na adrenalini inaweza kupunguza nguvu ya mikazo ya mfuko wa uzazi na kurefusha safari. Mfaransa Michel Odent, katika hospitali ya Pithiviers, alizima taa kali, akaleta beseni kubwa la maji ya vuguvugu, akapunguza maneno na watu. Mwaka 1983 alichapisha taarifa ya kuzaa majini iliyosomwa dunia nzima. Ulaya walishangaa kwamba mwanamke anayezaa anapenda giza kidogo, joto na kuachwa bila maswali.

"Paka wangu analijua hilo," akasema Shangazi. "Anazalia chini ya kabati, na ukimulika tochi anahama."

1. Mtu wa kuwa naye

Ndiyo, namba moja si kemikali. Nilibisha. Nikakumbushwa nani amepika mihogo.

Mwaka 1980 watafiti Kennell, Klaus, Sosa na wenzao walichapisha kazi waliyoifanya katika hospitali moja yenye msongamano nchini Guatemala, ambako wanawake walizoea kuingia leba peke yao. Baadhi yao walipewa mwanamke wa kukaa naye. Hakuwa na mafunzo ya uuguzi, hawakujuana kabla, na kazi yake ilikuwa kumshika mkono, kumsugua mgongo na kuzungumza naye. Kwa waliojifungua bila matatizo, muda wa kuanzia kulazwa hadi mtoto kutoka ulikuwa wastani wa saa 8.8 kwa wenye mwenza, na saa 19.3 kwa walioachwa peke yao. Baada ya kujifungua, wale wenye mwenza walikaa macho zaidi, wakawapapasa na kuwachekea watoto wao zaidi.

Walikuwa wanawake wachache, na ukiona tofauti kubwa namna hiyo kwenye kundi dogo unasubiri wengine warudie. Wamerudia. Mwaka 2017 mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000. Tofauti si ya kutisha kama ile ya Guatemala, lakini inaelekea upande uleule: wanaokaa na mtu mfululizo hujifungua kwa njia ya kawaida mara nyingi zaidi, hupasuliwa mara chache zaidi, uchungu hufupika, na mahitaji yao ya dawa za maumivu hupungua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mwanamke awe na mwenza anayemchagua mwenyewe wakati wa kujifungua.

Endofini zina sehemu yake humo? Rudi namba sita, kwa wale wa magego, na namba tano, kwa wale wa makasia. Mwili unaohisi umehudumiwa na hauko peke yake hujifungulia dawa zake. Kwa leba huo ni ukisiaji, ila ni ukisiaji wenye miguu. Na hata ukianguka, mwenza anabaki: analeta maji, anaita nesi, anakumbuka dawa ipi ilitolewa saa ngapi, na uwepo wake huwafanya baadhi ya wahudumu wakumbuke kusema tafadhali.

Zamani hili halikuhitaji pendekezo. Mama alizalia chumbani kwa mama yake, mkunga mbele, somo nyuma akiwa ameegemewa, bibi mlangoni na uji wa pilipili manga. Hatari zake zilikuwa nyingi na hospitali imeokoa maisha mengi, hilo halina ubishi. Lakini tulipohamia hospitali, mkunga alipewa kitanda na ndugu wakapewa kivuli cha mwembe nje ya geti. Sababu mara nyingi si ukatili. Wodi ni moja, vitanda vimebanana, pazia hakuna, na huwezi kumwingiza mume wa huyu mbele ya mke wa yule. Yaani kinachozuia tiba isiyo na gharama ni kitambaa na vyuma vya kukitundikia. Kwa hiyo swali la kuuliza kliniki mapema, kabla ya miezi ya mwisho, ni hili: leba yenu ina pazia, na mnaruhusu mtu mmoja? Vituo vingine vinaruhusu siku hizi, na wengi hawajui kwa sababu hawakuuliza.

Nikamwuliza Shangazi nani achukuliwe. Akahesabu kwa vidole. Asiwe wifi mwenye jambo la urithi. Asiwe jirani anayesimulia aliyekufa. Asiwe mama mkwe aliyezaa saba "bila hata kukohoa". Awe mtu mwenye mikono mizito na mdomo mwepesi wa kunyamaza, aliyekula kabla ya kuja.

"Na mume je, Shangazi?"

"Mume aje, mwanangu, ila akae upande wa kichwa. Upande wa miguu nimewaokota wengi sakafuni, na wodi ya wazazi haina kitanda cha baba."